Siku mtihani wangu wa kupima tumbo ulipoangukia kwa mama mkwe, Bariadi

Wakuu, nawasalimu wote, wenye afya na mnaosoma huku mmeshika matumbo.

Hii ninayoandika ni ya kwangu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Jina la hospitali na la chuo nayaacha. Majina ya watu nimeyabadilisha, isipokuwa la mke wangu Minza. Yeye ameusoma uzi kabla sijaupost, akasema lake niliache kama lilivyo ili watu wajue.

Kilichonikumbusha ni binti yangu. Yuko mwaka wa pili nursing. Wiki iliyopita kanipigia simu analalamika: baba, kwa nini kifua unagusa ndiyo unasikiliza, ila tumbo unasikiliza kwanza ndiyo unagusa? Mwalimu kaeleza, hajaelewa.

Nikacheka mpaka Minza akaja kuuliza kuna nini. Maana jibu la swali hilo nililipata kwa mama yake Minza, na nusura nikose mke.

Turudi nyuma. Ni miaka ile soko huria lilipoingia. Simiyu kama mkoa ilikuwa bado, Bariadi tulikuwa chini ya Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na mizani yao mpaka vijijini, mitumba imejaa minadani, na maduka ya dawa baridi yanaota kila senta. Zamani ukiumwa ulikuwa na zahanati na mganga tu. Sasa pakawa na mtu wa tatu, muuza duka, ambaye hakuuliza kitu zaidi ya "unataka ngapi".

Mimi nimezaliwa Lalago, Maswa, nimekulia nyuma ya ng'ombe. Wafugaji mtanielewa. Ng'ombe akivimbiwa hakuna mtu anayekaa kumtazama. Unakwenda ubavu wa kushoto, unabonyeza kwa ngumi, unapiga kofi, ukisikia ngoma unajua ni gesi. Baba alinifundisha hivyo nikiwa sijaanza hata shule. Mikono yangu ilijifunza tumbo kabla ya akili yangu.

Nikaenda nayo chuoni hivyo hivyo.

Mwalimu wetu wa vitendo alikuwa Sista Modesta, mama mmoja mfupi, Msukuma mwenzangu, sauti kama ya filimbi. Alituambia tumbo lina hatua nne: macho, masikio, vidole, mikono. Unatazama, unasikiliza, unagonga, ndipo unabonyeza. Ukianza kubonyeza umeshauamsha utumbo, sauti utakazosikia umezitengeneza mwenyewe. Na mgonjwa aliyeumizwa anakaza misuli, huambulii kitu tena.

Niliandika vizuri sana kwenye daftari. Kwenye mikono hayakuingia.

Kituko cha kwanza kilikuwa mchoro. Tuliambiwa tuchore tumbo la binadamu, tulipige msalaba kitovuni tupate robo nne, kisha tuonyeshe kila kitu kinakaa wapi. Ini na nyongo juu kulia, sawa. Bandama juu kushoto, sawa. Kidole tumbo chini kulia, sawa. Ila mfuko wa chakula mimi niliuchora umejaa upande wote wa kushoto, kutoka mbavuni mpaka nyongani.

Sista Modesta akalitazama lile daftari muda mrefu. Akauliza kwa upole kabisa: "Huyu mgonjwa wako anacheua?"

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Nilikuwa nimechora tumbo la ng'ombe. Kuanzia siku hiyo mpaka namaliza chuo jina langu likawa Mcheuaji.

Kituko cha pili hakikuchekesha. Mtihani wa vitendo wa kwanza nilipewa mzee mmoja, nikamsalimia, nikaweka mikono miwili tumboni kwake na kubonyeza. Mzee akajikunja. Nikafeli hapo hapo. Nikaambiwa kuna nafasi moja ya kurudia, nikifeli tena narudia mwaka mzima.

Hapo kumbukeni nilikuwa na Minza.

Minza nilimpata Dutwa, alikuwa na meza ya mitumba pale senta. Nilikwenda kununua suruali nikarudi bila suruali. Kwao ni Nkololo. Wazee walishakutana, mambo ya mahari yalishazungumzwa, na ndoa ilipangwa nikimaliza chuo tu. Baba yake alisema neno moja: binti yangu ataolewa na mwenye kazi. Nikirudia mwaka, na ndoa inarudi nyuma mwaka. Na mwaka mmoja pale Dutwa, na wale vijana wa kununua pamba wenye pikipiki mpya, wakuu, mimi nilikuwa silali vizuri.

Sasa kwa wasio wa kwetu, lazima nieleze kuhusu mkwe.

Kwa Wasukuma wa vijijini, hasa wakati ule, mama mkwe ni heshima nzito. Humtazami usoni. Mkikutana njiani unaacha njia, unapita porini hata kama kuna miba. Humpi kitu mkononi wala humgusi. Kuongea naye mnaongea kwa kupitia mtu. Mimi mama yake Minza nilikuwa nimemwona mara mbili, zote mgongo, tena kwa mbali. Huo ndio utaratibu, na mtu aliyeuvunja alisemwa vibaya.

Ikafika siku ya kurudia mtihani.

Mtahini alikuwa mwanaume mmoja mrefu aliyetoka Mwanza, si mtu wa huku kwa asili. Alikuwa na basi la kurudi mchana huo huo. Mgonjwa niliyeandaliwa alikuwa ameruhusiwa asubuhi ile, kwa hiyo Sista Modesta akasema kuna mama ameletwa sasa hivi kutoka kijijini, tumbo linauma siku ya tatu, daktari yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine, bado hajamwona. Kitanda cha saba.

Nikasogeza pazia.

Mama yake Minza alikuwa amelala chali, ananitazama, sura ni ya Minza mtupu, singeweza kukosea.

Wakuu, sijui nani aliwahi. Yeye alivuta kanga akajifunika kichwa chote. Mimi niligeuka nikaangalia ukuta. Tukabaki hivyo.

Mtahini akasema taratibu: "Mwanafunzi, mgonjwa yuko upande huu."

Nikajibu nikiwa bado naongea na ukuta: "Samahani mkuu, huyu ni mama mkwe wangu."

"Kwani mama mkwe hana tumbo?"

Sista Modesta akamvuta pembeni, akamweleza. Nikamsikia mtahini akisema mgonjwa mwingine wa tumbo hakuna, na yeye basi lake halimsubiri, kwa hiyo ama nifanye ama aandike sikufanya. Nikaanza kuhesabu kichwani namna ya kumweleza Minza.

Ndipo ile kanga ikaongea. Kwa Kisukuma, tena si kwangu, kwa Sista Modesta: "Mayu, mama yangu, mwambie huyo mtoto wa watu afanye kazi yake. Uso nimeshaufunika. Tumbo halina jina. Ila mikono yake asiniwekee."

Mtahini akatafsiriwa. Akakuna kidevu, akavuta kiti akakaa. "Haya," akasema, "nataka kuona utafikaje bila mikono."

(Nimerudi wakuu, umeme ulikatika. Naona kuna mdau ameshauliza chini kama mtahini aliruhusiwa kufanya hivyo. Kaka, miaka ile mtahini alikuwa mtahini. Tuendelee.)

Sasa nikawa sina namna. Mikono yangu, ile iliyozoea kukimbilia ubavuni, nikaishika nyuma ya mgongo kama mtoto anayesubiri fimbo. Nikapiga magoti chini kando ya kitanda, macho yangu yakawa sawa na tumbo, mwanga wa dirisha unatokea upande wa pili. Nikatazama. Sijawahi kutazama tumbo la mtu kwa muda mrefu vile.

Lilikuwa limevimba, hasa katikati. Kuzunguka kitovu kulikuwa na chale mbichi, ndogo ndogo, maana yake alishapita kwa mganga. Na chini ya kitovu kulikuwa na kovu refu la zamani, limenyooka kushuka chini.

Halafu nikaona kitu ambacho kwenye kitabu nilikisoma nikadhani ni maneno ya kitabu tu. Chini ya ngozi, tumbo lilitembea. Kilima kidogo kiliinuka upande mmoja, kikasogea polepole, kikapotea. Na kilipoinuka, ile kanga usoni ilitoa mguno.

Nikamwambia Sista Modesta: "Naomba umuulize kovu ni la nini."

Akauliza. Kanga ikajibu: "La Minza."

Alimzaa kwa kupasuliwa. Nilikuwa natazama mlango aliotokea mchumba wangu. Sista Modesta akanikoholea niendelee.

Nikachukua stetoskopu. Nikaipasha joto kiganjani kwanza, maana ile kitu ikiwa baridi mgonjwa anaruka. Nikamwomba Sista aiweke yeye, mimi nishike masikioni tu. Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tumbo la kawaida linaunguruma kwa nafasi, kama mtu anayejisemea. Hili lilikuwa linapiga kelele nyembamba, za haraka, kama maji yanayomiminwa kwenye kibuyu chenye mdomo mdogo. Kisha kimya. Kisha tena, na maumivu yanakuja pamoja nazo.

Kama ningeanza kubonyeza ningesema ni mikono yangu imezileta. Ila hakuna aliyekuwa amemgusa.

Nikajua swali linalofuata ni lipi, na nikatamani ardhi ipasuke.

Nikauliza kwanza yale mepesi. Ametapika? Ametapika, jana ilikuwa chakula, leo ni kijani. Choo? Hakuna.

Mtahini akaegemea mbele: "Swali gani limebaki?"

Alikuwa analijua. Nikamsogelea Sista Modesta sikioni nikanong'ona. Sista Modesta, mwanamke ambaye hakujaliwa kunong'ona, akauliza kwa ile filimbi yake na wodi nzima ikasikia:

"Mkwe wako anauliza, unajamba?"

Wodi ililipuka. Kuna bibi kitanda cha pili alicheka mpaka akaomba asaidiwe kukaa. Mimi niliangalia sakafu, jasho linadondoka kwenye koti jeupe. Nikajua nimeshakosa mke.

Kisha ikasema taratibu: "Mwambie tangu juzi hakuna."

Sista Modesta akagonga kwa vidole pale nilipomwonyesha. Ngoma. Akabonyeza taratibu, akianzia mbali na panapouma, kama tulivyofundishwa. Akaniambia ni laini bado, halijakaza kama ubao. Nikashukuru Mungu, maana tumbo likishakuwa ubao ujue utumbo umetoboka.

Nikamgeukia mtahini nikamwambia ninachofikiri. Utumbo umeziba. Kovu la zamani ndani huwa linaota nyuzi kama kamba, na nahisi kamba hiyo imeubana utumbo. Asipewe kitu mdomoni. Awekewe dripu na mpira wa puani wa kutoa uchafu wa tumboni, na daktari aitwe akitoka tu upasuaji.

Mtahini akawa anaandika. Nikapumua.

Wakati huo mama mkwe akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa kikaratasi. Akamwuliza Sista Modesta: "Na hii dawa niimalizie? Nilinunua Dutwa, nimekunywa nusu tu, muuzaji alisema nimalizie leo." Akawa tayari ameshakifungua.

Ilikuwa chumvi ya haluli, ya kuharisha.

Wale wa fani mmeshanielewa. Kwa wengine: mtu utumbo wake umefungwa, ukimpa cha kusukuma, unasukuma kuelekea ukutani. Unapasuka. Sista Modesta alikuwa amegeuka kuchukua trei ya dripu. Mama mkwe akainua kanga kidogo, mkono unaelekea mdomoni.

Sikufikiri. Nikamwambia, mimi kwa mdomo wangu, moja kwa moja: "Hapana mama, usinywe." Na nikakichukua kile kikaratasi mkononi mwake.

Vidole vyetu vikagusana. Tukatazamana usoni.

Bibi wa kitanda cha pili hakucheka safari hii. Nadhani wodi nzima ilijua nimefanya nini. Mama mkwe akarudisha kanga usoni polepole, akamwambia Sista Modesta: "Mwambie nimesikia."

Daktari alimpasua mchana huo huo. Jioni akatuambia alikuta kamba ya kovu imeuzunguka utumbo, umeanza kuwa mweusi mweusi, ila alipoikata, rangi ikarudi akiwa anauangalia. Hakukuwa na cha kukata zaidi. Alisema kama angeimalizia ile nusu nyingine ya haluli, angekuta utumbo umeshapasuka.

Mimi nilikwenda nyuma ya wodi nikalia. Sioni aibu kusema.

Matokeo ya mtihani: nilipita. Mtahini aliandika kwamba mwanafunzi ametumia macho na masikio kwa kiwango kizuri sana, mikono haikupimwa. Sista Modesta alinipa karatasi akasema, "Leo mgonjwa wako hakucheua."

Ila kwangu bado kulikuwa kugumu. Nilimgusa mkwe. Nilimwongelesha usoni. Nilimuuliza mambo ya kujamba mbele za watu. Siku tatu sikuingia wodi ile, nilibadilishana zamu, na Minza hakunitafuta kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake. Nikasema basi, mmoja wa wale vijana wa pikipiki ameshashinda.

Wauguzi mnajua, mgonjwa akishapasuliwa utumbo, kitu kinachosubiriwa na wote si kingine. Daktari anapita anauliza, sista anauliza, mfagiaji anauliza. Hewa ikitoka tu, utumbo umeamka, mtu anaanza uji.

Siku ya nne asubuhi nimekaa kwenye ngazi za bweni, namwona Minza anakuja. Anatembea haraka, kitenge kinapepea. Nikasimama. Akafika, akajitahidi kukaza uso, akashindwa.

"Mama amenituma," akasema. "Amesema nikwambie imetoka."

Wakuu, nimepokea habari nyingi nzuri maishani. Nimepandishwa cheo, nimezaa watoto wanne. Hakuna iliyonifurahisha kama ile. Tulicheka pale kwenye ngazi mpaka matroni akafungua dirisha kutazama nini kimetokea. Minza alicheka huku analia, akawa anafuta machozi kwa mkono wa koti langu.

Baadaye wazee wa Nkololo walikaa. Wakasema kijana hana kosa la moyo, ila mkono umegusa, kwa hiyo alete mbuzi wa kuomba radhi. Baba akatoka Lalago na mbuzi mzuri, beberu mwenye ndevu, akajivuna njia nzima. Mbuzi alipochinjwa na kufunguliwa, baba mkwe akaniita mbele za watu: "Haya daktari, tuonyeshe mama yenu alizibia wapi."

Nikaunyoosha ule utumbo kwenye majani, nikawafundisha ukoo mzima. Hapa mfuko wa chakula, hapa utumbo mwembamba, hapa mnene. Nikachukua kamba ya katani nikafunga, nikawaonyesha nyuma panavyojaa na mbele panavyolala. Wazee waliuliza maswali mazuri kuliko darasa letu. Mmoja akauliza, na haluli je? Nikakamua kidogo upande uliojaa. Wakasema eee, wote pamoja. Nasikia yule muuza duka wa Dutwa alipata wageni wengi wiki ile.

Minza nilimuoa kwa wakati. Kijana mmoja wa wale wa pikipiki alikuja kwenye sherehe, alikula vizuri.

Sasa mwisho wa jambo hili ni Jumamosi iliyopita. Baada ya lile swali la simu, nilimwambia binti tukutane Nkololo kwa bibi yake, aje na stetoskopu. Bibi yupo, amezeeka, meno machache, akili yote ipo. Na mimi na yeye mpaka leo ni vilevile: nikifika uani anaingia ndani, tunasalimiana kwa kupitia ukuta. Ila mjukuu na bibi kwetu ni watani, hawana mipaka. Binti aliingia chumbani, akamfunua kanga bila kuomba ruhusa.

Mimi nikabaki nje kwenye zizi, najifanya naangalia ndama. Dirisha lilikuwa wazi.

Nikamsikia bibi anasema: "We mtoto, toa mikono yako. Tazama kwanza. Hilo kovu ni la mama yako. Haya, sasa sikiliza. Baba yako alisikiliza kwanza, ndiyo maana wewe una bibi."

Kisha binti: "Bibi, linaunguruma taratibu."

"Wabeja," bibi akasema, yaani asante. Halafu akapandisha sauti ili ivuke dirisha, ila bado si kwangu, kwa mjukuu wake: "Mwambie huyo aliyesimama hapo kwenye ng'ombe. Mwambie bado inatoka vizuri."

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia vijana wa nursing mliomo humu. Tumbo litazame, lisikilize, halafu ndiyo mikono. Mgonjwa aliyeacha kupata choo na hewa, tumbo limevimba na anatapika, usimpe cha kuharisha, mkimbize hospitali. Na lile swali muulize, hata akiwa nani.

Wenye uzoefu wa kuhudumia wakwe zenu wodini, karibuni mshushe hapa. Na mwenye la kusema kuhusu mchoro wangu wa tumbo la ng'ombe aseme tu, nimeshazoea. Minza yuko pembeni anasoma kila comment.